Maswali kwa Mjomba: Mtoto mdogo ndani ya makumbusho ya sayansi

Toleo lililopita niligusia, kwa sentensi mbili tu, kwamba niliwahi kuwa mhudumu katika makumbusho ya sayansi, yale ambayo mtoto haambiwi "usiguse". Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimemiminika, nyingi za wazazi wenye watoto wa chini ya miaka saba, na wengi wanauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti. Kwa asiyenijua: nilivaa fulana ya njano ya wahudumu kwa miaka 11, nikafuta mate ya watoto kwenye vioo, nikaopoa viatu ndani ya meza za maji. Siku hizi naingia kwa mlango wa mbele na wajukuu wawili. Ninayoyaandika ni ya mtu wa sakafuni. Wa ofisini wangekuandikia mengine.

*Shikamoo Mjomba. Nina watoto wawili, wa miaka sita na mitatu. Mwezi uliopita niliwapeleka makumbusho ya sayansi. Tulikaa saa tatu, tukapita vyumba vyote, mimi nasoma vibao na kuwaeleza. Mkubwa aliganda kwenye mpira unaoelea hewani mpaka nikamvuta mkono, maana tulikuwa bado na ghorofa nzima. Mdogo kazi yake ilikuwa kubonyeza kitufe na kukimbia kabla kitu hakijatokea. Tulipofika nyumbani nikawauliza wamejifunza nini. Mkubwa akasema "mpira". Mdogo akasema "lifti". Nilihisi nimeitupa siku. Likizo inakuja na wanataka kurudi. Nifanyeje ili safari hii wajifunze? – Mama Wawili*

Marahaba, Mama Wawili. Siku hukuitupa. Kosa lako ni ule mkono uliovuta.

Ngoja nikueleze ninavyokijua kituo kile, maana nilikisimamia misimu mingi. Ni koni inayopuliza hewa kwenda juu, na juu yake mpira mwepesi wa plastiki unaelea peke yake, unatetemeka kidogo kama unaosikia baridi. Mtu mzima hutazama sekunde kumi, akasema "aa, upepo", akapita. Mtoto wa miaka sita hafanyi hivyo. Nakumbuka mmoja aliyekuja na babu yake siku ya mvua. Kwanza alisimama tu, mikono nyuma. Halafu akauondoa mpira, akaurudisha. Akauondoa tena, akaurusha kutoka mbali ili uingie kwenye upepo, ukaanguka. Akarusha mara nane au tisa, ukanasa. Akaingiza kiganja chini ya mpira, ukashuka. Akakitoa, ukapanda. Kisha akagundua kwamba koni ile inainama. Akaiinamisha kidogo, mpira ukainama nayo bila kuanguka. Akanitazama, kisha akamtazama babu yake. Hakuna aliyesema neno. Akaendelea kuinamisha, polepole, akitafuta pale ambapo mpira utashindwa, na alipopapata, akarudisha koni nyuma kidogo na kuanza upya ili ahakikishe kwamba ni pale pale.

Ile ndiyo sayansi yenyewe, Mama Wawili. Mtoto amebadilisha jambo moja, ametazama kilichotokea, amerudia. Ilimchukua kama dakika 25. Kama babu yule angekuwa na ghorofa nzima kichwani mwake, mtoto angeondoka kabla ya kujua kwamba koni inainama.

Sasa kwa faida yako wewe, si ya mtoto: mpira haupai kwa sababu tu unasukumwa toka chini. Unapotaka kutoka upande mmoja, hewa inayopita kasi hujikunja kuufuata mviringo wake na kurushwa nje, na kwa kuirusha nje mpira wenyewe hurudishwa ndani. Ndiyo maana hata ukiinamisha koni bado unashikiliwa. Yahifadhi hayo. Akiuliza, mpe. Asipouliza, kaa nayo.

Safari hii fanya hivi. Chagueni vituo vitatu, si zaidi, na cha kwanza kiwe mpira, maana ana deni nao. Mnapofika mlangoni msianze na chumba cha kwanza, kila mtu huanza hapo. Nendeni moja kwa moja hadi mwisho au ghorofa ya juu kabisa, mrudi mkielekea mlangoni. Fikeni panapofunguliwa. Makundi ya shule huingia baadaye kidogo, na yakishaingia hakuna mtoto wa miaka mitatu atakayefikia kitufe. Chukua nguo za kubadili hata kama utaambiwa kuna aproni za plastiki kwenye meza ya maji. Aproni zile nimewafunga watoto mamia, maji huingia kwa mikononi. Na ondokeni kabla hawajachoka. Mtoto aliyetolewa akiwa bado anataka hurudi na swali, ila aliyetolewa akilia hurudi na homa ya hasira tu.

Ukifika kituoni, usisome kibao kwa sauti. Kibao kimeandikwa kwa ajili yako. Ukishakisoma, mtoto anajua jibu lipo na liko kwako, basi anaacha kulitafuta. Tafuta mahali pa kuketi. Kama lazima useme, sema "nionyeshe". Jioni pia usimuulize amejifunza nini, hilo ni swali la mtihani. Mpe bomba la karatasi na kipande cha sponji nyepesi, apulize, uone mwenyewe.

Kuhusu mdogo: wa miaka mitatu hajafika kwenye kitu, yuko bado kwenye kitufe. Kwake kitufe chenyewe ndicho onyesho. Vituo vingi hukaa sekunde mbili tatu kabla ya kuitikia, na sekunde tatu kwake ni kesho. Mpeleke ambako mkono na matokeo vinakwenda pamoja: meza ya maji yenye vibanzi vya kuzuia mkondo na parafujo ya kupandisha maji, mabomba ya hewa yanayomeza kitambaa upande huu na kukitema juu darini, ukuta wa kupanga mifereji ambamo golori huteremka. Usimsimamishe mbele ya penduli ya Foucault, ule uzito unaoning'inia kwa waya mrefu na kuyumba polepole. Ni kitu kizuri mno, tangu 1851 pale Panthéon mjini Paris kinaonyesha kwamba dunia inajizungusha, lakini kumwambia mtoto wa miaka mitatu angoje dunia izunguke ni uonevu.

Na jibu lake la "lifti" usilidharau. Alibonyeza kitufe, mlango ukajifunga wenyewe, tumbo likapanda, mlango ukafunguka, na chumba cha nje kimebadilika. Katika jengo zima hakuna onyesho lililomjibu vizuri kuliko hilo. Mpandishe tena.

*Mjomba, mimi shuleni fizikia ilinipiga chenga. Binti yangu wa miaka mitano aliweka mkono kwenye lile tufe la chuma, nywele zikasimama zote. Akauliza kwa nini. Nikamwambia ni umeme. Akauliza, "Kwa nini umeme unapenda nywele?" Nikabaki mdomo wazi. Watoto wengine walikuwa wanaelezwa na baba zao. – Baba Aliyekwama*

Wale akina baba wengine nao walikuwa wanabuni, usiwaonee wivu. Nimewasikia kwa miaka 11. Mmoja alimwambia mwanawe kwamba ndani ya tufe mna sumaku ya nywele.

Ndani mna mkanda unaozunguka na kujisugua, na kwa kujisugua huko unabeba chaji za umeme na kuzipandisha kwenye tufe. Binti yako alipanda kigoda kisichopitisha umeme, kwa hiyo chaji zilizoingia mwilini mwake hazikupata njia ya kushuka ardhini. Zikasambaa mwili mzima hadi ncha za nywele. Chaji za aina moja hukimbiana. Kila unywele ukawa unaukimbia mwenzake na kukikimbia kichwa, na kwa kuwa unywele ni mwepesi, ukaweza kweli kukimbia. Mkono nao ulikuwa na chaji, ila mkono ni mzito. Umeme haupendi nywele, ndugu yangu. Nywele ndizo zinazoweza kuonyesha.

Mwambie hivi: "Kila unywele umepewa kitu kile kile, na waliopewa kitu kile kile hawataki kukaa karibu." Halafu mfanye jaribio bafuni. Sugua kichana cha plastiki kwenye nywele kavu, fungua bomba hadi maji yateremke kama uzi, sogeza kichana karibu bila kugusa. Uzi wa maji utapinda. Atauliza swali lingine utakaloshindwa, na hapo utasema neno ambalo wazazi hulimeza kama mwiba: "Sijui. Tujaribu tena tuone."

Mashine ile inaitwa jina la mwanafizikia Mmarekani, Robert Van de Graaff, aliyeunda ya kwanza mwaka 1929. Hakuwa na haja na nywele za mtu. Alitaka nguvu ya kurusha chembe kwa kasi ili kuchunguza kiini cha atomu. Volti zake ni nyingi kweli, hufika malaki, lakini umeme wenyewe unaopita ni kidogo mno, ndiyo maana unapata mchomo mdogo tu kidoleni. Hata hivyo mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, au kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, asiguse wala asisogee karibu. Mwambie mhudumu, atakuonyesha pa kusimama.

Usione haya. Mimi niliyekuwa nalipwa kwa kazi hiyo niliwahi kumweleza msichana wa miaka mitano habari za elektroni kwa dakika nne nzima, kwa mikono miwili na mifano. Alinitazama mdomoni kwa makini sana, nikajua nimempata. Nilipomaliza akauliza, "Jino lako la hapa liko wapi?"

*Mjomba shikamoo. Mwanangu ana miaka minne, anaogopa kelele na giza. Tuliingia kwenye onyesho la radi ya kutengenezwa, alipiga mayowe mpaka tukatoka na watu wote wanatutazama. Mume wangu anasema tumrudishe azoee. Unasemaje? – Mama Mwoga*

Marahaba, mama. Mwambie shemeji yangu angoje kwanza. Koili ya Tesla, mashine inayotengeneza radi hiyo, hupiga kelele ambayo hata mimi sikuizoea.

Kosa la namna hiyo nimelifanya mwenyewe, tena na mjukuu wangu. Kuna chumba ninachokipenda kuliko vyote, chenye ukuta uliopakwa rangi inayonyonya mwanga. Unasimama ukutani, taa inamweka mara moja, unaondoka, na kivuli chako kinabaki pale pale kimeganda, kwa sababu pale uliposimama ukuta haukupata mwanga wa kunyonya. Nilimwingiza yule mtoto bila kumwambia kitu, nikitaka kumshangaza. Giza, kisha mmweko, kisha ageuke akute mtu mweusi ukutani asiyetembea. Alinikumbatia mguu akakataa kufungua macho mpaka tulipotoka jengoni. Mhudumu mzoefu! Mke wangu hajaacha kunikumbusha.

Tulirudi baada ya miezi miwili. Safari hiyo tulibaki mlangoni, pazia limefunguliwa, tukitazama watoto wengine. Nikamwambia kitakachotokea kwa mpangilio: taa itazimika, tutahesabu mpaka tatu, itamweka, kivuli kitabaki, kisha kitafifia chenyewe. Aliomba tuhesabu kwanza pale nje, mara kadhaa, bila taa. Halafu akaingiza mkono mmoja tu, na kivuli cha kwanza alichoganda nacho kilikuwa cha kiganja. Mwili mzima uliingia safari ya tatu.

Kwa mwanao anza na chumba kisicho na kishindo, kile cha vivuli vya rangi. Taa tatu zinamulika ukuta, nyekundu, kijani na buluu, na zinapokutana ukuta unaonekana mweupe. Akisimama mbele anapata vivuli vitatu, kila kimoja na rangi yake. Palipozuiwa buluu pamebaki nyekundu na kijani, na jicho linaona manjano. Mtoto anayeogopa kivuli cheusi nimemwona akicheza ngoma na cha manjano. Onyesho la radi ulizia ratiba yake ukifika, ili uwe upande mwingine wa jengo saa hiyo. Makumbusho mengi pia yana saa maalumu za utulivu, sauti zinapunguzwa na watu ni wachache, waulize. Na kama kuna mwenye kifafa katika familia, ulizia taa za kumwekamweka kabla hamjaingia popote.

*Mjomba, mtoto wa miezi kumi nimpeleke? – Mzazi Mpya*

Mpeleke, ila jua unakwenda kwa ajili yako. Atapenda zulia, vioo na taa za darini. Tafuta kona ya watoto wachanga, ipo karibu kila mahali, na mvue soksi atambae vizuri. Kibebeo cha mgongoni ni bora kuliko kigari, kwani kigari hukaa foleni ya lifti. Na lifti, kama tulivyoona, ina wateja wake.

*Nimekuwa mwalimu wa sayansi kwa miaka 34. Nilipelekwa na wanangu kwenye makumbusho ya namna hiyo nikaona watoto wanakimbia, wanapiga kelele, hakuna anayeandika, hakuna anayeuliza. Huo ni uwanja wa michezo wenye tiketi. Kwa nini mnauita sayansi? – Mwalimu Mstaafu*

Shikamoo Mwalimu. Nakujibu nimesimama.

Nusu ya unayoyasema ni kweli. Kuna vituo vibovu. Nimesimamia kimoja ambacho mtoto alibonyeza kitufe, taa ikawaka, basi. Hakuna alichoweza kubadilisha, hakuna alichoweza kukosea. Kile ni swichi ya taa iliyovaa suti. Kituo kizuri kinamruhusu mtoto ashindwe kwa namna yake mwenyewe, kama mpira ule wa Mama Wawili.

Lakini wazo lenyewe si la jana wala si la wafanyabiashara. Mwaka 1903 mjini München, Ujerumani, mhandisi Oskar von Miller alianzisha Deutsches Museum na akataka wageni wazungushe mikono ya mashine na kubonyeza vitufe wenyewe. Makumbusho ya sayansi ya London yalifungua ukumbi wa watoto mwaka 1931. Halafu mwaka 1969 yakafunguka mawili bara moja: Ontario Science Centre mjini Toronto, na Exploratorium mjini San Francisco.

Hili la San Francisco lilianzishwa na mwalimu mwenzako. Frank Oppenheimer, mdogo wake Robert yule wa bomu la atomu, alikuwa mwanafizikia wa chuo kikuu. Mwaka 1949 alilazimishwa kujiuzulu kwa sababu za kisiasa, akaishia kufuga ng'ombe Colorado, kisha akafundisha sayansi katika shule ya sekondari ya mji mdogo huko huko. Aliporudi chuoni aliwatengenezea wanafunzi maabara ambamo majaribio yanakaa yamepangwa tayari, mwanafunzi anaingia saa yoyote na kuyachezea kwa mwendo wake. Exploratorium ni maabara ile iliyofunguliwa mlango kwa kila mtu. Hata karakana wanakotengenezea vifaa aliiacha wazi ili wageni wawaone mafundi wakikosea na kurekebisha.

Kuhusu kelele: nakuomba siku moja uende Jumanne asubuhi, shule hazijafika, uketi karibu na zile sahani mbili kubwa zinazotazamana kutoka pande mbili za ukumbi. Mtoto ananong'ona kwenye moja, na mwenzake aliye mita 20 mbali anasikia kama yuko sikioni, maana sahani ya kwanza hukusanya sauti na kuituma sambamba, ya pili huikusanya tena mahali pamoja. Utaona kitu. Mwanzoni wanapiga kelele. Baada ya dakika moja hivi wanagundua kwamba kunong'ona kunafanya kazi vizuri zaidi, na wananyamaza wenyewe, bila mwalimu. Mimi nilikuwa nakwenda pale kupumzika.

La kuandika nakubaliana nawe kwa watoto wa darasa la nne kwenda juu. Chini ya hapo kalamu huishia puani.

*Mjomba, mama anaandika ninachosema. Mpira unaoelea unachoka? Usiku unalala wapi? – miaka 5*

Mpira hauchoki kwa sababu haufanyi kazi, umebebwa tu, kama wewe mgongoni kwa mama. Anayefanya kazi ni feni, na feni hupata joto. Ukiweka mkono kwenye sanduku lililo chini ya koni utalisikia joto lake. Ile ya kwetu ilikuwa na kijimlango upande wa kushoto, karibu na sakafu, na mtoto akiniomba nilikuwa namfungulia aione. Mwombe mhudumu.

Jioni tulikuwa tunazima feni saa kumi na moja na nusu. Mpira unashuka polepole, unakaa mdomoni mwa koni. Haukai hapo muda mrefu. Fundi anayefunga milango hupita, anauokota, anaupiga danadana mara tatu nne ukumbi ukiwa hauna mtu, kisha anautia ndani ya ndoo ya bluu pamoja na mingine mitano.